Mwongozo Kamili wa Kushindwa Kujaza Mafuta Pikapu ya Zamani

Mwongozo huu ni kwa mwenye pikapu iliyopakwa rangi mara nyingi kuliko ilivyobadilishwa mipira. Iwe Hilux ya miaka ya tisini, Peugeot 504 ya urithi au Land Cruiser iliyonunuliwa kwenye mnada wa mradi uliofungwa, dalili ni ileile. Unaingia sheli, unasema "jaza fulu", mhudumu anachomeka mkono wa pampu, anabana, na kabla ya lita mbili kutimia, tak! Pampu imekata. Anabana tena, tak! Mara ya tatu tangi linamtemea petroli viatuni. Nyuma yako daladala inapiga honi, pembeni bajaji inatafuta upenyo, na geji bado inaonesha robo.

Wapo watakaokuambia kwamba tatizo hili lina maelezo mafupi na dawa ya bei ndogo. Wapuuze. Tatizo la bei ndogo halimpi mtu heshima gereji. Fuata hatua hizi kwa mpangilio uliowekwa, usiruke hata moja, nasi tunakuhakikishia kwamba utaishi na tatizo hilo hadi siku ya kuliuza gari.

Vifaa vinavyohitajika

Shemeji mmoja anayejua magari. Fundi mmoja ambaye simu yake haipatikani Jumatatu. Tingo mwenye nguvu za kutikisa gari. Kitambaa cha kufutia. Fedha taslimu, zitoke bila risiti. Na maoni makali kuhusu serikali, yawe tayari muda wote.

Vifaa visivyohitajika: tochi, bisibisi, klipu mbili mpya na kipande cha mpira wa mafuta. Ukivikuta ndani ya gari, viweke chini ya kiti visahaulike.

Hatua ya kwanza: Mlaumu mhudumu

Yeye ndiye aliye karibu, na kwa kawaida haruhusiwi kukujibu anavyotaka. Anza kwa upole wenye sumu.

"Dada, wewe ni mgeni kwenye kazi hii?"

"Hapana, kaka. Tenki lako linarudisha."

"Linarudisha nini? Mbona juzi lilijaa?"

Juzi halikujaa, lakini hatua ya kwanza haihusiani na ukweli.

Jihadhari asianze kukueleza jinsi pampu inavyofanya kazi, maana atakuharibia kesi. Kwenye ncha ya mkono wa pampu kuna kitundu kidogo. Mafuta yanapopita kwa kasi ndani ya mkono, yanavuta hewa kupitia kitundu hicho. Hewa ikipatikana, mambo yanakwenda. Mafuta yakipanda shingoni mwa tangi yakakiziba, hewa inakosekana, mvuto unahamia kwenye kiwambo cha mpira kilichomo ndani ya mkono, kiwambo kinasogea, kinafyatua kifungo, na pampu inakata. Hakuna kompyuta wala waya wa umeme katika kazi hiyo. Mkono haujui hata kidogo kama tangi lako limejaa. Unachojua ni kwamba kitundu chake kimelowa. Povu likipanda, au mafuta yakigonga mahali yakarudi juu, utakata hata kama tangi halina kitu.

Maelezo hayo yanamtoa mhudumu hatiani moja kwa moja. Kwa hiyo, akianza kuyatoa, pandisha kioo.

Hatua ya pili: Ilaumu sheli, kisha serikali

Mhudumu akishindwa kutikisika, panda ngazi. Mafuta yamechakachuliwa! Tuhuma hii ina historia nzito. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli uliitesa nchi hadi mwaka 2011 serikali ya Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo ikose faida. Kenya nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita. Usijiulize kama mafuta ya taa yanaweza kuzuia tangi lisijae. Yanaweza kukuharibia injini, lakini tangini yangeingia kwa unyenyekevu uleule wa petroli.

Kisha sema pampu imechezewa. Hapa utamtaja Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni kuhakiki kwamba lita unayolipia ni lita kweli. Mpira uliokunjika chini ya gari lako haumo katika majukumu yao, lakini usiache ukweli huo ukupunguzie sauti. Malizia kwa mdhibiti wa mafuta, EWURA, na bei zake za Jumatano ya kwanza ya mwezi. Msomaji wa Kenya atumie EPRA na tarehe 14. Bei haina uhusiano wowote na tangi kutema, ila hakuna foleni ya sheli isiyoitikia ukiitaja, na unachohitaji sasa ni waitikiaji.

Hatari kubwa ya hatua hii ni kwenda sheli nyingine. Sheli moja ikikata, huenda mkono wao ni mbovu. Sheli tatu zikikata, gari limeshasema. Mwenye pikapu makini hachagui sheli ya pili. Anarudi ileile kila mara ili awe na mtu wa kugombana naye.

Kuna pia mambo ya kasi ambayo ni vyema usiyafahamu. Mkono wa kawaida wa pampu ya magari madogo unatoa kama lita 35 hadi 40 kwa dakika. Marekani wameweka kikomo kisheria, galoni 10 kwa dakika, yaani karibu lita 38. Mikono ya pampu za dizeli za malori inatoa mara mbili ya hapo au zaidi, na dizeli ina tabia ya kufanya povu. Kwa hiyo mwenye pikapu ya dizeli anayetaka kukatiwa mapema aende moja kwa moja pampu ya malori, achomeke, na abane hadi mwisho.

Hatua ya tatu: Tafuta pozi

Kila pikapu ya zamani ina pozi lake. Kuna inayotaka mkono wa pampu ugeuzwe juu chini. Kuna inayotaka mkono utolewe nusu na kubanwa theluthi, mhudumu akiwa ameinama upande. Kuna inayotaka tairi la mbele lipande ukingo wa barabara. Na kuna ile ambayo haikubali hata lita tano mpaka tingo apande nyuma na kuruka huku dereva akisema, "Ongeza! Ongeza! Basi."

Ubaya wa mapozi ni kwamba yanafanya kazi, na yanafanya kazi kwa sababu. Kila lita ya mafuta inayoingia tangini lazima itoe lita moja ya hewa. Kwa kasi ya pampu, hiyo ni zaidi ya nusu lita ya hewa kila sekunde. Aliyewahi kujaza dumu la maji kwa bomba lenye presha anaijua habari hii: mdomo ukizibwa na maji yanayoingia, hewa ya ndani haina pa kupitia, dumu linaguna na kumrushia maji usoni. Ndiyo maana pikapu ina njia mbili, mpira mnene wa kuingizia mafuta na mpira mwembamba wa kutolea hewa. Njia ya hewa ikiziba, hewa inarudi kwa mlango wa mafuta, inakutana nayo uso kwa uso shingoni, na kitundu cha mkono wa pampu kinalowa.

Ukigeuza mkono, kitundu kinaondoka upande yanakorudi mafuta. Ukibana kidogo, hewa inapata nafasi ya kutoka kwa zamu. Tingo akiruka, mafuta yaliyotuama kwenye mpira wa hewa yanaondoka kwa muda. Kwa maneno mengine, tangi linalojaa polepole lakini linakataa kasi limekwisha kukuandikia cheti cha ugonjwa: njia ya hewa imebana. Mtu wa kawaida angekisoma cheti hicho. Wewe kichukulie kama dawa. Mfundishe tingo pozi, mfundishe na atakayempokea kazi, na siku ya kuuza gari usimwambie mnunuzi mpaka amalize kulipa.

Hatua ya nne: Malizia ifike hamsini

Hapa tunazungumzia siku zile za bahati ambazo tangi limekubali. Pampu imekata yenyewe kwenye elfu arobaini na saba na mia tatu. Huo ndio mwisho wa kujaza, lakini hakuna Mtanzania anayeondoka sheli na namba yenye mia tatu. "Malizia ifike hamsini." Mhudumu anabana kwa vishindo, tak, tak, tak, mpaka mafuta yanaonekana mdomoni, yanang'aa.

Petroli ya sheli inatoka kwenye tangi la chini ya ardhi, ambako ni baridi kuliko juani. Ikipata joto inatanuka, takribani sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja. Tangi la lita 60 likipanda nyuzi 15 linahitaji nafasi ya zaidi ya robo tatu ya lita, nafasi ambayo wewe umeijaza ili kuondoa mia tatu. Egesha juani mbele ya msikiti saa saba mchana, urudi ukute petroli inachuruzika ubavuni mwa gari na watoto wanakuambia, "Mzee, gari yako inakojoa."

Kwa pikapu za petroli zenye kopo la mkaa la kunasia mvuke, hatua hii ni tamu zaidi. Vifaa vya aina hiyo vilianza kuwa lazima kwa magari ya Marekani nzima mwaka 1971, na vimeenea kwenye magari mengi ya baadaye. Mkaa ule umewekwa kunasa mvuke, si mafuta yenyewe. Ukiulowesha kwa kumalizia hamsini kila wiki, unaharibika, chembe zake zinaweza kusafiri na kuziba njia ya hewa, na gari lililokuwa zima linaanza kukataa mafuta. Ugonjwa umeutengeneza mwenyewe, kwa fedha zako, tena kwa namba kamili isiyo na chenji.

Hatua ya tano: Badilisha pampu ya mafuta

Sasa ni zamu ya fundi. Mpelekee gari, mweleze dalili zote, kisha msikilize.

"Bosi, hiyo ni pampu."

"Pampu ya sheli?"

"Ya gari. Imechoka, haivuti."

"Lakini mafuta hayaingii, fundi. Kutoka yanatoka."

Fundi anakutazama kwa huruma. "Sasa bosi, yasipotoka vizuri, yataingiaje?"

Hoja hiyo haina jibu. Toa pesa.

Kazi ya pampu ya mafuta ya gari ni kuyatoa tangini na kuyapeleka kwenye injini. Kwenye Hilux nyingi za kabureta imefungwa kwenye injini yenyewe, mbele kabisa, mbali na tangi na mbali zaidi na ugomvi wako. Haijawahi kukutana na mkono wa pampu ya sheli. Lakini inabadilishika, ina boksi, ina bei, na fundi atakuonesha ya zamani akiwa ameishika kwa kitambaa na kusema, "Unaona ilivyokuwa?" Utaona. Ilikuwa chafu.

Ifuate Gerezani, Kariakoo. Mkazi wa Nairobi aende Kirinyaga Road. Muuzaji atakuuliza unataka orijino, kopi au mtumba. Sema orijino, akupe kopi, ulipie orijino. Ikishafungwa na tatizo likabaki palepale, fundi atapendekeza chujio. Baada ya chujio, plagi. Baada ya plagi atakuambia kwamba gari la umri huu linahitaji kushushwa injini, na hapo utakuwa umefika mbali sana kwa safari iliyoanzia kwenye mpira.

Hatua ya sita: Iamini geji

Kuna magonjwa mawili yanayofanana sura: tangi lisilojaa, na geji isiyosema. Mwongozo huu unashauri uyachanganye.

Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Boya likipanda na kushuka linabadilisha kiasi cha umeme unaokwenda kwenye geji, na mshale unafuata. Boya likitoboka linazama, na geji itasoma tupu hata tangi likifurika. Waya wa ethi ukipata kutu, mshale utasema utakavyo. Dereva mwangalifu angeandika lita alizoweka, azilinganishe na ujazo wa tangi ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na ndani ya dakika moja angejua kama mwongo ni tangi au geji. Ikiwa lita zinazoingia ni nyingi kuliko nafasi ambayo geji inadai ipo, geji ndiyo ya kushtakiwa.

Usiandike kitu. Ipige dashibodi ngumi. Mshale ukipanda, jaza kidogo. Ukishuka, rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya saba: Badilisha kifuniko

Kifuniko cha asili kilibaki juu ya pampu ya sheli moja Chalinze, mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Tangu hapo pikapu imevaa kitambaa. Kabla ya kitambaa ilivaa mfuko wa nailoni na mpira wa manati, mtindo uliopata pigo Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku. Kitambaa kinaingiza vumbi na maji ya mvua tangini, jambo ambalo litatufaa katika hatua ya tisa.

Shemeji atakushauri ununue kifuniko kipya chenye ufunguo. Kwenye magari mengi ya zamani kifuniko kina tundu au vali ya kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Ukipata cha bei poa kisicho na tundu, tangi litaanza kujinyonga. Gari litaondoka vizuri, litakwenda, kisha litafia katikati ya mlima Kitonga na lori la mizigo likiwa nyuma yako. Ukisubiri kidogo litawaka tena kana kwamba halikufanya lolote. Ukifungua kifuniko utasikia "fyuuu", tangi likivuta pumzi. Hicho ndicho kipimo chake, na hakihitaji fundi.

Msomaji mwenye macho atakuwa ameshaona jambo: wakati wa kujaza mafuta, kifuniko kimeshikwa mkononi na mhudumu. Hakiwezi kuzuia chochote kisiingie. Ndiyo maana kukibadilisha hakutasaidia, na ndiyo maana tumekipa hatua nzima.

Hatua ya nane: Mdhibiti dereva

Hatua hii inawahusu matajiri wenye pikapu zinazoendeshwa na watu wengine. Umehisi kwamba mafuta yananyonywa usiku kwa mpira na kuuzwa kwa dumu. Suluhisho ni kumwita fundi wa kuchomelea aweke wavu wa chuma ndani ya shingo ya tangi, wenye matundu madogo, mnene kuliko inavyohitajika.

Mpira wa kunyonyea hautapita. Hata mafuta hayatapita vizuri. Yatagonga wavu, yatarudi, yatalowesha kitundu cha mkono wa pampu, tak. Dereva atatumia muda mrefu sheli kwa pozi la theluthi, na wewe utampigia simu kumuuliza kwa nini amechelewa. Atasema tenki linatema. Utaamini kwamba anakuibia kwa njia mpya.

Kwa usalama wa wasomaji, hapa tunaacha utani kwa mistari mitatu. Usiruhusu mtu achomelee kitu chochote karibu na tangi la petroli likiwa kwenye gari. Mvuke wa petroli unaweza kuwaka hata kwenye baridi kali chini ya nyuzi sifuri, ni mzito kuliko hewa, na unatambaa chini hadi ulipo moto. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Hatua ya tisa: Usiiname

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Kwa namna yoyote ile, usiiname kutazama kati ya mdomo wa tangi na tangi lenyewe.

Ukiinama utaona mambo ya kukatisha tamaa. Utaona mpira mnene ukishuka kutoka mdomoni, na pembeni yake mpira mwembamba ambao hakuna fundi aliyewahi kukutajia. Huenda umekunjika. Mara nyingi umekunjika tangu siku bodi la kiwandani lilipotolewa na kufungwa bodi la mbao la kubebea matofali. Mchongaji wa bodi alihamisha mdomo wa tangi kidogo ili mbao zikae sawa. Mpira mnene aliunyoosha kwa nguvu, mwembamba aliubana kati ya mbao na chesisi, akapaka rangi ya bluu juu yake, na kazi ikapokelewa kwa picha.

Au utaona mpira mwembamba ni mrefu mno, umening'inia na kufanya tumbo. Ndani ya tumbo hilo mafuta yametuama, na hewa haiwezi kupita yalipotuama. Hapo utaelewa kwa nini tingo alikuwa anaruka, na ujuzi wake wa miaka utakuwa umepoteza thamani.

Au utakuta mpira ni mpya kabisa, mnene, mweusi, wa kupendeza, na ni wa rejeta. Fundi aliukata kutoka kwenye kile kilichokuwepo. Mipira mingi ya rejeta imetengenezwa kwa maji ya moto. Ikikutana na petroli inavimba na kulainika kwa ndani. Kwa nje utauona mzima, huku njia ikiendelea kubana mwezi baada ya mwezi. Hata mpira halali wa mafuta ukizeeka unaweza kubanduka ngozi ya ndani, ikaning'inia na kufunga njia kila mafuta yanapokuja kwa kasi. Huwezi kuliona hilo bila kufungua klipu, na klipu, kama tulivyokubaliana, hatuzifungui.

Au utakuta udongo wa nyigu. Pikapu iliyokaa uani kwa msimu mzima, mdomo wake ukiwa umezibwa kwa kitambaa, ni nyumba ya kila mdudu. Usidhani ni aibu ya nchi maskini. Mwaka 2011 Mazda iliwaita wateja wake wa Amerika Kaskazini warudishe takribani magari 65,000 aina ya Mazda6, kwa sababu buibui wanaovutiwa na harufu ya petroli walikuwa wakitanda utando kwenye bomba la kupumulia la tangi, na shinikizo lingeweza kulipasua. Kampuni yenye wahandisi, maabara na mawakili ilishindwa na buibui. Wewe una haki ya kushindwa na nyigu.

Kuna sababu moja zaidi ya kutoinama, nayo ni imani. Kila mwenye Hilux anajua kwamba gari hilo halifi. Lipo tangu mwaka 1968, na mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha televisheni ya Uingereza kililizamisha baharini, kikalichoma moto, kikaliweka juu ya jengo refu likabomolewa pamoja nalo, na bado likawaka. Hawakujaribu kulijaza dizeli baada ya mpira wake wa hewa kubanwa na mbao za mninga. Wangelipata walichokitafuta bila kwenda baharini.

Kwa walioshindwa kufuata mwongozo

Wapo wasomaji wasiotii, ambao muda huu tayari wamelala chini ya gari kwenye boksi lililokunjuliwa. Hao tunawaachia maneno machache, kwa shingo upande.

Fanyeni kazi nje, mahali penye upepo, injini ikiwa imepoa, mbali na sigara na jiko la mama lishe, na tangi likiwa limepungua. Kama umejaribu sheli zaidi ya moja na kote inakata, na kama tangi linakubali polepole lakini linakataa kasi, anza na mpira mwembamba. Fungua klipu zake mbili, utoe, uutazame urefu wote, kisha upulize kwa pampu ya baiskeli au upepo wa gereji ukiwa umeutoa kwenye gari, si kwa mdomo. Hewa inatakiwa ipite bila kusita. Pulizeni hivyohivyo kila mpira wa hewa mnaoukuta, mkikumbuka kwamba magari yenye kopo la mkaa yana mipira zaidi. Kagueni mpira mnene kwa tochi, muone kama ngozi ya ndani imebanduka, kama shingo ina kutu au kama kuna wavu wa tajiri. Usinyonye petroli kwa mdomo ili kupunguza tangi; ikiingia mapafuni itakupeleka hospitali.

Mpira mbovu ubadilishwe kwa mpira ulioandikwa kuwa ni wa mafuta, wenye upana uleule, upite ukiteremka moja kwa moja kuelekea tangini bila kufanya tumbo wala kubanwa na bodi. Mwenye kuchonga bodi jipya amwambie fundi mapema kwamba mipira ni miwili. Na kila sheli mtakayoingia baada ya hapo, pampu ikikata mara ya kwanza, fungeni kifuniko, lipeni elfu arobaini na saba na mia tatu, muondoke.